Kivuli Hakikumponya Hezekia: Saa Janja na Maisha Yetu ya Kila Siku

Andiko la kusoma: 2 Wafalme 20:1-19. Soma pia Isaya 38 na 39.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome sura hiyo yote. Si ndefu. Ukisharudi, tutaongea juu ya kitu ambacho siku hizi kiko kwenye mikono ya wengi wetu pale kanisani, kuanzia kwaya mpaka kwa wazee: saa janja.

Nimechagua mada hii kwa sababu karibu kila Jumapili kuna mtu ananivuta kando na kuniuliza, "Pasta, hiyo saa inasaidia kweli, ama ni ya kuringa tu?" Mimi mwenyewe navaa moja, na huu ni mwaka wa pili, kwa hivyo siongei kama mtu aliyesikia kwa jirani. Kuivaa si dhambi, na kuikataa si utakatifu. Swali letu ni hili: ukiivaa, maisha yako ya Jumatatu hadi Jumamosi yanakuwa bora kuliko yalivyokuwa? Kuna pesa katika swali hilo, na kama tutakavyoona mbele, kuna hata uhai wa mtu.

1. Mfalme, kivuli na tini

Hezekia, mfalme wa Yuda, alishikwa na jipu, na ugonjwa ukafika mahali pa kufa. Nabii Isaya akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme akageukia ukuta, akaomba, akalia sana. Isaya hata hajatoka nje ya ua, Mungu akamrudisha na habari mpya: Hezekia ataongezewa miaka 15.

Sasa angalia mambo mawili yaliyofuata, kwa sababu somo letu lote limesimama hapo. La kwanza, Isaya aliagiza tini zichukuliwe, na zikawekwa juu ya jipu. Hiyo ni dawa. La pili, mfalme aliomba ishara, na kivuli kikarudi nyuma madaraja kumi katika madaraja ya Ahazi. Wengi wanaelewa kwamba hicho kilikuwa chombo cha kuonyesha wakati kwa kivuli cha jua. Kwa lugha yetu ya leo, ilikuwa saa ya jumba la mfalme.

Kivuli kilimpa Hezekia uhakika. Lakini mpendwa, kivuli hakikumponya. Hakuna mtu aliyechukua kivuli akakipaka juu ya jipu. Mponyaji alikuwa Mungu, na kilichowekwa kwenye kidonda ni tini. Hebu fikiria mfalme angekaa anatazama madaraja yale mchana kutwa, anawaonyesha watumishi wake jinsi kivuli kinavyotembea, na zile tini zinakauka kwenye sahani. Ungesema nini juu yake?

Shikilia hilo tunapoendelea. Kuna kitu kinachoonyesha na kuna kitu kinachotibu, na saa janja iko upande wa kivuli. Inakuonyesha. Haikutembezi, haikulazi mapema, haikupunguzii chumvi kwenye sufuria. Ikikuonyesha jambo nawe ukachukua tini, itakusaidia. Ikikuonyesha nawe ukaendelea kutazama tu, umenunua kivuli.

2. Saa yako inaona nini hasa?

Watu wengi wanafikiri saa hizi zinaona ndani ya mwili. Haziko hivyo. Geuza saa yako uangalie mgongo wake, utaona taa ndogo ya kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mkono, na mwanga unaorudi kwenye saa unapungua. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko, halafu inakuambia moyo unapiga mara ngapi kwa dakika. Ni kazi ya akili sana, lakini ni kazi ya kukadiria kutoka nje.

Hatua nazo inazihesabu kwa kuhisi mtikisiko wa mkono. Ndiyo maana dada anayesukuma mtoto kwenye kigari, mikono imetulia, anaweza kutembea kutoka stendi mpaka nyumbani na saa isihesabu hata nusu ya safari. Na ndiyo maana wakati wa sifa, tukipiga makofi kwa nguvu, kuna watu wanatembea "kilomita" nzima wakiwa wamesimama mahali pamoja. Najua unacheka, lakini ukirudi nyumbani Jumapili hii, angalia.

Vipi kuhusu usahihi? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya kuvaliwa mkononi. Kwa mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilifanya vizuri, makosa yakiwa chini ya asilimia 5. Lakini kwa kalori, yaani nguvu ambazo mwili umetumia, hata kile kilichokaribia ukweli zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kwa hivyo saa ikikuambia umechoma kalori 400, usiende kujilipa chapati mbili kwa hesabu hiyo.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Vifaa vinavyotumia mwanga hupita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi nayo hufyonza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa vya hospitali vinavyobanwa kwenye kidole kupima oksijeni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Hivyo ni vifaa vya hospitali. Basi namba ya oksijeni kwenye saa yako ya mkononi usiifanye kuwa hukumu ya mwisho. Mtu anayehema kwa shida apelekwe hospitali, hata kama saa inasema yuko sawa.

Namba haijisemi yenyewe. Hata namba ya wakati iko hivyo. Saa yako inaonyesha 7:00 asubuhi, wewe unasema saa moja. Ukisoma Matendo 3:1, Petro na Yohana walipanda kwenda hekaluni saa tisa, na ni saa tisa hiyo hiyo ya mchana tunayoijua sisi, kwa sababu wao pia walihesabu saa za mchana kuanzia asubuhi. Saa ya mkononi ingeandika 3:00 ama 15:00. Mtu ndiye anayejua maana yake.

3. Inaposaidia kweli

Nisiwe mtu wa kukosoa tu. Mwaka 2022 jarida la kitabibu la Lancet Digital Health lilichapisha mapitio yaliyokusanya tafiti nyingi kuhusu vifaa hivi. Waliovaa walitembea zaidi kwa takriban hatua 1,800 kwa siku, sawa na dakika 40 hivi za ziada za kutembea, na uzito ulishuka kwa karibu kilo moja. Kutembea dakika 40 zaidi kila siku si mchezo. Kilo moja nayo si muujiza. Nakupa namba zote mbili ili usinunue kwa ndoto.

Tena kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh uliotolewa mwaka 2016. Vijana wa miaka 18 hadi 35 waliotaka kupunguza uzito waliwekwa kwenye mpango wa chakula na mazoezi, na baadaye baadhi yao wakapewa vifaa vya kuvaa. Baada ya miezi 24, waliokuwa na vifaa walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 3.5. Wasiokuwa navyo walipunguza kilo 5.9. Umeona hapo? Kifaa peke yake hakikuongeza kitu. Mpango wa chakula na mazoezi ndio uliokuwa tini.

Kwa upande wa moyo, habari ni njema kiasi. Stanford walifuatilia zaidi ya watu 419,000 waliovaa Apple Watch, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Karibu asilimia 0.5 walipata onyo kwamba mapigo yao hayaendi kwa mpangilio. Kati ya walioonywa, waliovalishwa kipimo cha kitabibu baadaye na kukirudisha, asilimia 34 walikutwa na tatizo la mapigo ambalo huongeza hatari ya kiharusi. Kwa hivyo saa yako ikitoa onyo kama hilo, usiogope hadi ukalala chini, na usilipuuze. Nenda kwa daktari. Onyo ni kivuli, kliniki ndiyo yenye tini.

Na zile hatua 10,000 ambazo watu wanazitafuta mpaka saa nne usiku wakizunguka meza ya sebuleni? Chanzo chake si Biblia na si hospitali. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilikaa vizuri kwenye tangazo, ikabaki. Utafiti wa mwaka 2019 wa wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba waliofikisha hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika miaka ya utafiti kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Mama zetu wanaotembea kutoka nyumbani hadi kanisani na kurudi, wasikubali kuambiwa wameshindwa na namba ya tangazo.

Mimi saa yangu imenisaidia kwa jambo moja hasa. Ilinionyesha kwamba Jumanne na Jumatano, siku ninazokaa ofisini kushauri watu na kuandaa mafundisho, natembea kidogo mno. Basi siku hizo nikitembelea wagonjwa nashuka kwenye matatu mapema, naenda kwa miguu. Ni vituo viwili tu. Saa haikunishusha. Ilinionyesha siku, nami nikachagua miguu.

4. Mama, sukari na sindano

Sasa tufike mahali pazito. Hivi karibuni ndugu watatu walikuja kuniona. Walikuwa wamechanga shilingi 12,000 wamnunulie mama yao saa janja. Mama amepita miaka sabini, ana presha, ana sukari, na anaishi peke yake mashambani. Muuzaji mmoja mjini aliwahakikishia kwamba ile saa inapima presha na sukari bila kudunga kidole. Walikuwa na furaha kwa sababu mama amechoka na sindano, vidole vinamuuma, na kuna wiki anaruka kupima kabisa. Wakaniambia, "Pasta, wewe ulisoma biashara. Hizi pesa zitamsaidia mama, ama zitapotea?"

Niliwaambia hofu yangu si pesa kupotea. Hofu yangu ni mama kuamini namba ya uongo.

Mpendwa, soma sehemu hii polepole na umsomee mzazi wako. Mnamo Februari 2024, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ilitoa onyo wazi kwamba haijaidhinisha saa yoyote wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Hata moja. Kuna vifaa vya kweli vinavyobandikwa mwilini, vyenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, vinavyoweza kutuma namba kwenye saa ama simu. Hapo saa ni dirisha tu, kipimo kiko mwilini. Lakini saa inayokuambia "weka mkononi, nitakupa sukari" inakisia.

Kwa nini hili ni jambo la uhai? Kwa sababu mtu wa sukari hutumia namba kuamua. Saa ikisema sukari iko juu na kumbe iko chini, akaongeza dawa ama akaruka chakula, sukari inaweza kushuka mpaka akachanganyikiwa, akazimia, hata akafa kabla jirani hajabisha mlango. Ikisema iko sawa na kumbe iko juu, mwili unaharibika polepole, macho, figo, miguu, huku familia inashukuru kwamba "saa inasema yuko poa."

Presha nayo inapimwa vizuri kwa mashine yenye mkanda unaofungwa mkono wa juu na kujaa hewa. Ziko saa chache zinazokadiria presha, na kuna ambazo lazima kwanza zilinganishwe na mashine hiyo ya mkanda, na kulinganishwa tena mara kwa mara. Kama lazima uwe na mashine ndipo saa ifanye kazi, basi anza na mashine.

Hapa pia naomba niseme na sisi watu wa imani. Isaya alikuwa na neno la Mungu kinywani, na bado aliagiza tini. Hakuona kwamba tini zinapunguza imani. Kwa hivyo kupima sukari kwa sindano si kukosa imani, na kuamini kifaa cha kubahatisha si imani.

5. Wageni kutoka Babeli

Endelea mpaka mstari wa 12. Hezekia amepona, na wajumbe wa Babeli wanakuja na zawadi. Mfalme anafurahi, anawafungulia kila mlango: fedha, dhahabu, manukato, silaha. Hakubakisha kitu. Isaya akaja na swali moja: wameona nini nyumbani mwako? Mfalme akajibu kwamba wameona kila kitu. Unajua Isaya alisema nini baada ya hapo.

Saa janja nayo ina wageni. Inajua unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, unapita njia gani, moyo wako unapigaje, na kwa akina dada hata siku zao za mwezi ikiwa wameziingiza. Habari hizo haziishi mkononi tu, zinaenda kwenye programu ya simu, na mara nyingi kwenye kompyuta za kampuni. Januari 2018 dunia ilishangaa pale ramani ya programu ya mazoezi ya Strava, iliyokusanya njia za watumiaji wake, ilipoonyesha wazi maeneo ya kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na vifaa mkononi. Kama kambi ya jeshi ilionekana, njia yako ya saa kumi na moja alfajiri itajificha wapi?

Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Una haki ya kuuliza zinatumiwaje. Lakini sheria haitafunga mlango ulioufungua mwenyewe. Fungua mipangilio ya programu yako, uone nani anaona njia zako na nini kinachapishwa bila wewe kujua. Dada anayekimbia peke yake asionyeshe hadharani anapoanzia na anapomalizia.

Na tena kuna kuringa. Wajumbe wale walikuja kwa sababu ya habari za ishara ile, utaona katika 2 Mambo ya Nyakati 32:31. Ishara iliyotolewa kwa ajili ya uponyaji ikageuka kuwa maonyesho. Ukinunua saa ili watu waione, hiyo ni hesabu nyingine, na haihusiani na afya.

6. Mkono unaotetemeka

Jambo moja ambalo halipimwi na saa yoyote ni vile inavyokuvuta. Simu ikiwa mfukoni unaweza kuisahau. Saa iko kwenye ngozi. Ujumbe wa chama, bei ya sofa, video ya binamu, yote yanakutetemesha mkono. Nimeshauri wanandoa ambao mmoja hutazama mkono kila mwenzake anapofungua kinywa. Mwenye saa anasema ameangalia sekunde moja tu. Mwenzake anasikia, "Maliza haraka." Ukiangalia saa mtu anapokueleza shida zake, tangu zamani maana yake imekuwa moja, hata kama ulikuwa unasoma ujumbe.

Mimi tangu siku ya kwanza nilizima arifa zote isipokuwa simu za mke wangu na za mchungaji wetu mkuu. Jaribu. Utagundua saa inabaki kuwa chombo chako, badala ya wewe kuwa mtumishi wake.

Usingizi pia. Saa inakadiria usingizi kwa kutulia kwa mkono na mapigo ya moyo, kisha inakupa alama. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa walioanza kuhangaikia alama hizo mpaka wasiwasi wenyewe ukawa tatizo. Umeamka mzima, una nguvu, halafu saa inakuambia umelala vibaya, na siku yako inaharibika. Ukitoka kesha ya Ijumaa itakukemea pia, isikutishe. Lala Jumamosi mchana. Ila ikikuonyesha kila wiki kwamba unalala saa tano pekee kwa sababu ya kutazama mpira na simu, hapo isikilize.

7. Hesabu ya mjenzi

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba akae kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28). Chuoni tulifundishwa hesabu hiyo hiyo kwa jina lingine: bei ya kitu si zile pesa tu, ni pamoja na kile ambacho pesa hizo zingeweza kufanya mahali pengine.

Tuseme saa ni shilingi 12,000 na itakaa miaka mitatu. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa mwaka, karibu 11 kwa siku. Kwa mtu anayekaa kwenye kiti mchana kutwa, na ambaye kweli itamfanya atembee, si mbaya. Sasa igeuze. Kiwango cha chini cha mchango wa bima ya SHA kwa wasioajiriwa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hizo 12,000 ni miezi 40 ya kiwango hicho, zaidi ya miaka mitatu. Kama nyumba yako haijalipiwa bima na una saa janja mkononi, mpendwa, mpangilio umegeuka juu chini.

Kabla ya kununua, jibu maswali matatu. Nataka kujua nini? Nikishajua, nitafanya nini? Kuna njia ya bei nafuu ya kujua jambo hilo hilo? Swali la pili ndilo linalowakamata wengi. Kama huna jibu, bado hujahitaji saa. Na kwa la tatu, kumbuka Eliud Kipchoge, mtu aliyekimbia kilomita 42 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye daftari. Daftari na kalamu havihitaji kuchajiwa.

Wale ndugu watatu tulikaa na maswali hayo. Walitaka kujua presha na sukari ya mama. Wakishajua, wangetaka kumpeleka kliniki mapema kabla mambo hayajaharibika. Njia ya bei nafuu ilikuwepo. Walinunua mashine ya presha ya mkono wa juu, kipimo cha sukari na vijiti vyake, na chenji ikabaki. Wakamtafuta pia mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji, mmoja wa wale waliopewa vifaa na serikali mwaka 2023, vikiwemo vya kupima presha na sukari, amwonyeshe mama jinsi ya kudunga pembeni mwa kidole, mahali pasipouma sana. Wakagawana jioni: kila siku saa mbili usiku mmoja wao anapiga simu, mama anasoma namba, na anaiandika kwenye daftari. Nasikia siku hizi kule kliniki wanauliza daftari liko wapi kabla ya kumuuliza mama habari zake.

Zile simu tatu za zamu ni tini. Hakuna saa inayoweza kuzipiga kwa niaba ya watoto.

Jambo la kufanya wiki hii

Kama una saa janja, chagua namba moja tu ya kufuatilia, iandike kwa siku saba, na mbele ya kila siku uandike ulichofanya kwa sababu ya namba hiyo. Zima arifa ambazo huzihitaji. Kama huna, usinunue wiki hii. Pima presha yako kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na umuulize mzazi wako mara ya mwisho alipima lini. Na kama kuna mtu nyumbani anayetegemea saa kupima sukari, ongea naye leo, usingoje Jumapili.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Katika 2 Wafalme 20, kivuli kilifanya kazi gani na tini zilifanya kazi gani? Taja kivuli kimoja na tini moja katika maisha yako.

2. Ni namba gani unayoitazama mara kwa mara (hatua, uzito, salio la M-Pesa) bila kubadilisha chochote?

3. Hezekia aliwaonyesha wageni kila kitu. Ni habari gani za mwili wako na nyumba yako ambazo hazipaswi kuonekana na kila mtu?

4. Nani katika ushirika wenu anaishi peke yake na ana ugonjwa wa kudumu? Gawaneni siku za kumpigia simu kabla hamjaachana leo.